Peremende Kabla ya Wakati

Kaka yangu Anshel alimtuma Mama, kwa sababu yeye na Baba walikuwa hawasemezani.

"Mwambie nitakuja," alisema kwenye simu. "Sabato ya kabla ya harusi nitasoma manabii kwenye sinagogi lake, mbele ya watu wake, kama bwana harusi yeyote. Ila akinifokea mara moja tu, Mama, neno moja tu, nafunga kitabu natoka. Na Jumanne harusini asije."

Mama akaufikisha ujumbe jikoni. Baba alikuwa anakula samaki wa chumvi na kitunguu. Akatafuna, akameza, akafuta mdomo.

"Nitakuwa maji mtungini," akasema. "Lakini mwambie kosa ni kosa."

"Hilo la pili simpelekei, Hirsh."

"Basi mpelekee la kwanza."

"Neno moja, Hirsh! Hata moja usitoe."

"Bronia, we mwanamke, hukusikia? Maji! Mtungini!"

Alikuwa anapiga kelele mpaka jirani akazima redio.

Sasa umwelewe Baba. Kwenye sinagogi letu dogo, nyuma ya Mtaa wa Carlisle hapa Melbourne, yeye ndiye msimamizi wa kisomo. Kazi yake ni kusimama mezani ubavuni kwa msomaji, kidole kwenye mstari, na msomaji akiteleza amrudishe. Wasimamizi wengine hunong'ona. Baba hubweka. Wageni kutoka Sydney wameshawahi kutokwa jasho pale mezani wakasahau majina ya mama zao.

Anshel alikuwa msomaji mzuri kuliko wote. Mpaka ile jioni ya Siku ya Mfungo, watu wamechoka, midomo imekauka, Anshel yuko mezani anasoma nabii, Baba akamrudisha kwenye neno. Anshel akarudia. Baba akamrudisha tena. Akarudia. Baba akamrudisha mara ya tatu, kwa sauti iliyofika barabarani. Anshel akafunga kitabu, akashuka, akapita katikati ya watu wote na viatu vyake vya turubai, maana siku hiyo ngozi haivaliwi, akatoka. Hakurudi. Akahamia Bendigo, akawa fundi bomba, na huko hakuna Wayahudi wa kutosha hata kujaza meza ya chakula, sembuse sinagogi.

Watu husema walikosana kwa neno moja. Uongo. Neno lilikuwa kifuniko tu. Sufuria lilikuwa linachemka tangu zamani, tangu Baba alipotaka arithi duka la magodoro na Anshel akasema afadhali alale chini.

Kiti chake kilibaki. Safu ya kwanza, kando ya kiti cha Baba. Baba hakuwahi kumwambia mtu "usikae hapo." Aliweka tu juu yake mfuko wake wa shali ya sala, ule wa mahameli ya buluu, kila Sabato, mwaka hata mwaka. Mgeni akija na kutaka kukikalia, Baba anamtazama tu. Mgeni mwenyewe anakumbuka ghafla kwamba anapenda kukaa nyuma.

Basi Sabato ikafika. Novemba, upepo wa moto unavuma kutoka kaskazini, pua zinawasha, macho mekundu, wanaume wamevaa suti kama adhabu. Huku juu, kwenye roshani ya wanawake, tumekaa tunajipepea na vitabu vya sala. Mimi na Mama safu ya mbele kabisa, kwenye ukingo, meza ya kusomea iko chini yetu pale, unaweza kuhesabu mvi za anayesoma.

Mkononi nina mfuko wa peremende. Zile laini, zilizofungwa karatasi ya kung'aa, kwa sababu bwana harusi akimaliza kusoma manabii tunammiminia peremende kutoka juu, maisha yake yawe matamu. Zamani zilikuwa ngumu, mpaka bwana harusi mmoja akaenda kuoa na jicho jeusi.

"Tirza," Mama akasema bila kunitazama. "Leo hakuna vituko."

"Vituko gani, Mama?"

"Nakujua. Leo hakuna ugoro wa pilipili."

Ile ilikuwa zamani, na wazee walipiga chafya vizuri tu, wengine walishukuru.

Anshel alikuwa ameingia kimyakimya, akakaa safu ya mwisho, jirani na mlango. Miguu ameielekeza nje. Hakumsalimia Baba, Baba hakumsalimia. Alilala kwangu tangu Jumatano, na kila asubuhi na kila jioni alifanyia mazoezi bafuni. Kisomo chote cha nabii Malaki, na maji yanamwagika. "Nimewapenda, asema Bwana!" Jirani wa chini aliniuliza kama nimepata mchumba. Alikuwa anasoma vizuri, lakini kwa woga. Akikosea mahadhi anapiga ukuta wa bafu, anaanza upya. Orli, mchumba wake, alikuwa kwa wazazi wake, maana kwetu wiki ya harusi wachumba hawaonani. Kwa hiyo kupigiwa makelele nilipigiwa mimi.

Torati ikawa inasomwa chini. Isaka amezeeka, macho hayaoni, anapapasa mtoto asijue ni yupi. Nikamgeukia Bi Zeligman, aliyekaa nyuma yetu. Bi Zeligman ana miaka zaidi ya tisini, na kitabu hafungui kwa kutafuta. Anafungua tu, kiko palepale.

"Bibi, Malaki ukurasa gani?"

"Malaki wa nini, mwanangu? Kesho mwezi unaandama."

"Ndiyo, halafu?"

"Halafu! Anasema halafu! Sabato ikiangukia siku moja kabla ya mwezi mpya, Malaki anakaa nyumbani kwake. Tunasoma Daudi na Yonathani. 'Kesho mwezi unaandama, nawe utakosekana, maana kiti chako kitakuwa kitupu.' Si wewe uliyesomea nyota chuo kikuu?"

"Miaka miwili tu, bibi. Niliacha kabla hatujafika kwenye mwezi."

Nilisema mzaha, lakini nilishakumbuka bafu langu. Nikamwangalia Mama. Mama naye kageuka mweupe.

"Kajifunza nini huyo mtoto?" akaniuliza.

"Malaki."

"Malaki yupi?"

"Mama, kuna Malaki wangapi? Malaki! Wote wa bafuni kwangu!"

"Na baba yake anajua?"

"Baba atajulia wapi, hajawahi kumsikia!"

Hilo ndilo kosa la watu wetu. Kila mtu anajua kila kitu, kwa hiyo hakuna anayemwambia mwenzake. Baba alidhani Anshel anajua. Anshel alifungua kitabu, akaona somo la wiki, na chini yake somo la manabii la wiki, akajifunza. Mwezi hakuuangalia. Bendigo nani atamwambia habari za mwezi?

Nikainuka. Nikateremka ngazi kama mwizi, viatu mkononi. Mlangoni, Dudi wa ulinzi akaniambia, "We, Tirza, moto?" Nikampita. Nikasukuma mlango wa wanaume kidogo tu, nikachungulia safu ya mwisho.

Kiti cha Anshel kilikuwa kitupu, mwenyewe yuko njiani kwenda mezani.

Na hapohapo nikaisikia sauti ya Baba mezani. Msimamizi ndiye anayeita watu, na lazima aite kwa jina kamili, hana pa kukwepea. "Na asimame," akaimba, akasita kidogo, "Anshel mwana wa Hirsh, bwana harusi!"

Mwana wa Hirsh. Miaka yote ile hakuwa amelitamka jina hilo nyumbani.

Pale nyuma alikuwa amekaa mzee Feivel, muuza kofia, mtu mwenye masikio makubwa na mdomo mkubwa zaidi. Nikamvuta shali.

"Mzee Feivel! Nenda kamwambie Anshel ni mwezi mwandamo! Kajifunza Malaki!"

Akacheka kwa raha. "Anshel? Mtoto wa Hirsh asijue mwezi? Nenda juu, binti, unanipotezea mstari. Unafikiri nimesahau ugoro?"

Hayo ndiyo malipo ya vituko. Nikapanda ngazi mbili mbili. Nilipofika ukingoni, mistari ya mwisho ya Torati ilikuwa imesomwa, gombo limeinuliwa, limefungwa, na Anshel amebaki mezani na Baba. Wawili tu. Kati yao kitabu cha manabii, na Baba alikuwa ameshakifungua.

"Kimefunguliwa wapi?" Mama akauliza. Hakuwa na miwani.

"Daudi na Yonathani."

"Mungu wangu."

Anshel akaimba baraka ya kufungulia, ile anaijua kila mtu kwa moyo. Sauti nzuri, bado ile ile. Watu wakajibu. Halafu akateremsha macho kwenye ukurasa.

Akainama zaidi.

Nilimwona anasoma mstari wa kwanza kwa macho. Nilimwona anaelewa kwamba huu siwo ukurasa wake. Akamtazama Baba. Kisha, taratibu, kama mtu anayemsahihisha mzee kwa adabu, akashika kurasa akazirudisha nyuma mpaka kwa Malaki. Akakohoa, akavuta pumzi.

Baba akanyoosha mkono akarudisha kurasa kwa Daudi na Yonathani.

Bila neno.

Anshel akarudisha kwa Malaki. Safari hii karatasi ilisikika mpaka juu.

Baba akarudisha.

"Kwa nini hasemi?" nikanong'ona. "Amwambie tu! 'Kesho mwezi unaandama,' basi!"

Mama alikuwa ameshika kifua. "Nilimwapisha asiseme neno," akasema. "Neno moja, nilimwambia. Hata moja usitoe. Tirza, huyu mwanamume kwa mara ya kwanza katika ndoa yetu amenisikiliza."

Na ndivyo ilivyokuwa. Baba alikuwa amefunga mdomo mpaka mashavu yanatetemeka. Uso umemwiva. Kila kitu ndani yake kilikuwa kinataka kubweka, naye amekikalia. Ila Anshel pale hakukumbuka habari ya mtungi. Yeye aliona kitu kimoja tu: baba yake, mbele ya watu wale wale, anamnyang'anya ukurasa. Aliona kwamba ameitwa apandishwe pale aaibishwe mara ya pili, tena safari hii bila hata kuambiwa kosa.

Chini wanaume wote wanangoja. Hata watoto. Feni ya dari inalia kiik, kiik. Wanaume wanatazamana. Mtu mmoja akasema "ssh" ingawa pale chini hakuna aliyekuwa anaongea.

Anshel akaweka kiganja juu ya kitabu. Akakitandaza, akamtazama Baba machoni, na nilikijua kile kiganja. Nilikuwepo ile jioni ya viatu vya turubai. Hicho kiganja kikishafika pale, kinachofuata ni jalada.

Jalada likaanza kuinuka.

Sikufikiri. Ningefikiri nisingefanya. Nilitia mkono kwenye mfuko, nikachukua peremende moja nyekundu, nikaitupa.

Ilimpata Baba kwenye kofia, ikanasa ukingoni. Tap!

Kwa nusu pumzi hakuna aliyejitikisa. Halafu mwanamke mmoja mwisho wa roshani, aliyekuwa akipiga soga tangu mwanzo na hajui tumefika wapi, akaona peremende imeruka, akadhani bwana harusi amemaliza. Akapiga kigelegele akamimina mfuko mzima. Jirani yake akamimina. Roshani yote ikamimina. Mvua ya njano, kijani, nyekundu, watoto wakatoka chini ya viti kama panya, wanaume wanajikinga na shali, mzee Feivel anapiga kelele, "Bado! Bado hajaanza! Nyie wanawake wazimu!" na wenzake wanamjibu, "Basi tule, tukianza upya watatupa tena!"

"Tirza!" Mama akasema. Lakini hakunishika mkono.

Kwenye makelele yale, Baba akainama. Nilimwona. Akaweka mdomo karibu kabisa na sikio la Anshel, mahali ambapo hakuna mtu duniani angeweza kusikia, na midomo yake ikatikisika mara chache. Alisema nini sijui mpaka leo. Lakini yalikuwa maneno machache, na moja lazima lilikuwa mwezi, kwa sababu Anshel aliinua uso ghafla akalitazama dirisha, mchana kweupe, kama mtu anayetafuta kitu alichokisahau huko.

Jalada likarudi chini. Wazi.

Nikadhani tumepona. Halafu nikaona uso wa Anshel, nikajua bado. Maana sasa alikuwa na habari nyingine: kisomo kizima, mistari mingi, hajakiandaa hata kidogo, na ubavuni kwake amesimama mtu yule yule. Kuukimbia ukurasa alishindwa, kuusoma ataweza? Kitabu cha manabii kina irabu na alama zote za mahadhi, si kama gombo, lakini macho yakiona alama, koo halijui. Mazoezi yake yote yalikuwa ya Malaki. Nikaona shingo yake inang'aa jasho.

Makelele yakaisha. Watoto wakafukuzwa. Watu wakangoja.

Baba akaweka mkono wake wa kulia mezani, juu ya kitambaa cha mahameli, mbele ya macho ya Anshel. Kidole cha shahada kikainuka kidogo.

Huo mkono naujua. Anshel alipokuwa mdogo Baba alimfundisha mahadhi mezani jikoni bila sauti, Mama akiwa amelala na kichwa kinamuuma. Kidole juu, sauti ipande. Kiganja kikilala, ishike hapo. Kidole gumba kikizunguka, zungusha koo. Ngumi, kata. Mimi msichana sikufundishwa, lakini nilikuwa naosha vyombo palepale.

Anshel akautazama mkono. Nilijua anachokiwaza kama vile anasema: huu mkono ni wa kunishika, au wa kunikamata?

Halafu akaimba, sauti nyembamba kama uzi: "Yonathani akamwambia, kesho mwezi unaandama."

Kiganja kikalala. Akaishika noti.

"Nawe utakosekana..." Kidole kikapanda, naye akapanda. "...maana kiti chako kitakuwa kitupu."

Watu wote walijua kile kiti. Ndiyo shida ya kusomewa manabii katika sinagogi dogo: hakuna aliyegeuza kichwa, lakini macho yote yalikwenda kwenye safu ya kwanza, kwenye mfuko wa buluu. Baba pia. Mkono wake ulisimama hewani, umesahau ulikuwa unaonyesha nini. Anshel akangoja. Mkono ukashuka, ukaendelea.

Wakaenda hivyo, mstari kwa mstari. Anshel hakutazama uso wa Baba hata mara moja; alitazama kitabu na mkono, kitabu na mkono. Alikosea. Alikosea mara nyingi tu, irabu hapa, mkato pale, na kila akikosea roshani nzima inavuta pumzi na kumtazama Baba. Baba amefumba midomo. Mshipa wa paji la uso umesimama kama kamba ya viatu. Haongei. Vidole vinaendelea.

Wakafika kwa Sauli, mfalme, mezani, anamuuliza mwanawe mbona kiti cha Daudi kitupu, mwanawe anamtetea rafiki, na Sauli anawaka moto anamtukana mtoto wake wa kumzaa kwamba ni mwana wa mwanamke mpotovu.

"Ndiyo hivyo," Mama akanong'ona. "Wakikasirika, mtoto ni wa mama."

Sauli akamrushia mwanawe mkuki. Yonathani akainuka mezani kwa hasira, hakula chakula. Anshel alikuwa anaimba haya yote karibu na bega la Baba, na sasa sauti yake ilikuwa imekuwa nene, na hasira ndani yake, wala haikuwa ya mahadhi. Ikawa inakwenda mbio. Mkono wa Baba ukawa unakimbizana nayo. Kiganja kikalala, yaani shika, shika; Anshel akapita. Akalitafuna neno zima, akalitoa kinyume.

Na kutoka nyuma kabisa, kwa sauti kubwa, mzee Feivel akalisahihisha neno.

"NYAMAZA WEWE!"

Ule ulikuwa mbweko wenyewe. Wa Baba. Vioo vilisikia. Anshel alirudi nyuma kama aliyepigwa, mguu mmoja ukashuka ngazi ya jukwaa la meza, na mkono wake ukawa tayari umekifikia kitabu. Mama akasema kitu, siyo neno.

Neno moja, Anshel alikuwa amesema. Nafunga kitabu natoka.

Kisha Anshel akaona Baba hamtazami yeye. Baba alikuwa amempa mgongo. Amesimama kati yake na watu wote, kofia imemkaa upande, kidole kimenyooka mpaka safu ya mwisho.

"Anasoma bwana harusi!" Baba akasema. "Mwenye kusahihisha hapa ni mimi. Na mimi sijasikia kosa!"

Mzee Feivel akabaki na mdomo wazi. "Lakini Hirsh, amesema—"

"Sijasikia!"

Wanaume waliokaa karibu na Feivel wakamvuta chini kwa shali. Mtu mmoja akasema, "Kaa, Feivel, unataka kufa Sabato?" Kicheko kidogo kikapita, kikafa.

Baba akageuka. Akauweka mkono mezani tena.

Anshel alikuwa bado na mguu mmoja chini. Akautazama ule mkono. Akapanda ngazi. Kisha akafanya kitu ambacho hakikuwa cha lazima: akarudi mwanzo wa mstari, akalisoma lile neno tena, polepole, sawasawa.

Baada ya hapo ilikuwa mishale. Yonathani anapiga mishale shambani, ndiyo ishara yao, ili Daudi aliyejificha ajue kama arudi au akimbie. "Mshale si uko mbele yako?" Mama akanipiga kiwiko cha ubavu.

"Nini?" nikasema.

"Hakuna. Una shabaha."

Mpaka wale wawili wakakumbatiana wakalia, Daudi akilia zaidi, na kisomo kikaisha. Anshel akaimba baraka za mwisho. Safari hii tuliporusha, mifuko mingi ilikuwa na peremende tatu nne tu, maana tulishazimaliza, ikabidi wanawake warushe zile walizokuwa wakila wenyewe. Bi Zeligman akarusha dawa yake ya kikohozi.

Wanaume wakamzunguka Anshel kumpa mkono. Baba hakumpa. Alikuwa anapanga vitabu mezani, vitabu ambavyo vilikuwa vimepangika. Anshel akashuka. Pale chini njia zinagawanyika: kushoto unakwenda nyuma, mlangoni, kulia safu ya kwanza. Akasimama.

"Kulia," nikasema. "Kulia, mjinga wewe, kulia."

Akaenda kulia. Akafika kwenye kiti chake. Akauchukua ule mfuko wa buluu, akauangalia kwamba umechakaa pembeni, akakaa, akauweka mapajani.

Baba aliona. Najua aliona kwa sababu kilichofuata hakijawahi kutokea tangu sinagogi lile lijengwe. Kabla ya mwezi mpya msimamizi hutangaza mbele ya wote mwezi utaandama siku gani. Sentensi moja, hata mtoto anaweza. Baba akasimama wima, akakohoa, akaimba kwa sauti yake yote:

"Mwezi mpya wa Kislev utakuwa siku ya Jumanne!"

Kutoka pande zote, wanaume, wanawake, watoto waliojaza midomo, kwa furaha ya watu waliongoja maisha yao yote: "AAAH! Hirsh! Hirsh!" Mzee Feivel alikuwa amesimama juu ya kiti.

Baba akawatazama hajaelewa.

"Jumapili, Baba," Anshel akasema kutoka kwenye kiti chake. "Jumanne ni harusi."

Baba akamgeukia. Midomo ikamcheza.

"Kosa ni kosa," akasema. Akakohoa tena, akarudia tangazo lote tangu mwanzo, Jumapili, polepole, sawasawa. Na kwenye ukingo wa kofia yake ile peremende nyekundu ilikuwa bado imekaa, inang'aa, na katika watu wale wote wanaosahihisha kila kitu hakuna hata mmoja aliyemwambia.